Kamba Niliyoifunga Fupi

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Likoni. Sote tu wazima, na mamako mguu umepona, alhamdulillahi. Umeniuliza hiyo boti uliyonunua huko Lamu uifunge kwa kamba ya urefu gani.

Nilipokuwa mke mpya, babu yako alikuwa na boti ndogo ya tanga, tukiiegesha Shelly Beach. Siku moja maji yamekupwa, nikaifunga mimi chini kabisa kwenye nguzo, kamba fupi, isigonge boti za watu.

Babu yako akasema, "Kamba haitoshi. Leo bamvua, maji yatajaa sana."

"Niachie, najua," nikamjibu.

Akaingia ndani ya boti kuziba ufa, akapitiwa na usingizi. Maji yakapanda. Nikiwa ufukweni nikaona kamba imekaza, omo, sehemu ya mbele ya boti, inavutwa chini. Nikanyamaza, mwanangu. Niliona haya kukiri. Mpaka wimbi lilipoingia ndani ndipo nilipopiga ukelele, naye haitiki. Nikachukua kisu nikajitosa, maji yakanifika shingoni, nikaikata kamba. Boti ikaruka juu.

Babu yako akatoka amelowa, macho yamemtoka. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliona tangu lini?"

Nikamwambia ukweli.

Basi funga kamba ndefu, uipimie maji ya bamvua. Na ukiona umekosea, mwite mtu papo hapo. Mimi lile swali lake bado linanichoma kuliko yale maji.

Akuhifadhi Mola.
Bibi yako, Mwanaisha