Kwa Yaya Antoni, Aliyemtaja Mume Wangu kwa Sababu ya Ndoto

Yaya Antoni, kaka yangu,

Picha uliyomtumia Feruzi imefika. Dereva wa kamio, lile lori la pamba, aliileta Jumanne, imeviringishwa ndani ya mkeka, haikulowa hata ncha. Nitakuambia yaliyoipata. Lakini kwanza niyatoe yaliyonijaa, maana ni mwaka wa saba nayanyamazia, na kunyamaza kwenyewe kumenichosha.

Unazikumbuka asubuhi zetu kule Kasongo, kwenye ile nyumba ya kando ya barabara? Ulikuwa ukitoka chumbani husalimii mtu. Mama alikuwekea maji ya kunawa mlangoni, nawe ukayaruka kama dimbwi. Ulisema maji yanaosha ndoto. Unapita moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa nyuma ya jiko na makaa yako, na pemba, ule udongo mweupe, na udongo mwekundu wa kichuguu, na ile buluu niliyonunua ya kufulia mashati ya mume wangu. Siku ngapi nilienda kufua nikakuta kikaratasi kitupu! Hutasema neno mpaka umalize. Ukishamaliza ndipo unakula muhogo, unacheka, unakuwa mtu kama sisi.

"Tereza, unaona nini?" unaniuliza.

"Naona samaki."

"Hapana. Ule ni babu. Kwa ndoto alikuja vile."

Sitadanganya, nilizipenda picha zako. Kuna ile niliyokuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kimeota miguu kinanikimbia, nami nakifuata na mchi mkononi. Mama alicheka hadi akakaa chini. Wapita njia waliegesha baiskeli wakaja kutazama, na Feruzi, mtu asiyependa maneno mengi, ndiye aliyekuwa akiwaonyesha njia ya kupita bila kukanyaga bustani yangu. Alikuwa anajivunia shemeji yake. Hilo hukuwahi kulijua, kwa sababu hakulisema.

Kisha ukaota pamba.

Ukaacha ukuta wa nyuma, ukaja kuchora ule wa mbele, unaotazama barabara. Nilikuambia, "Yaya, si hapa." Ukanijibu nyuma hakuna tena nafasi, na ndoto hii iko kubwa. Ukachora watu wamepanga mstari, vichwa vyao vimepasuka vyeupe kama pamba iliyokomaa. Kwenye mizani amesimama korongo mwenye kofia ya mzungu, anawadonoa pamba vichwani. Na mwisho wa mstari ukamchora Feruzi, na kovu lake la kwenye nyusi, anamwaga kikapu chake ndani ya Lualaba. Kila mtu aliyepita alimtambua.

Siku ya tatu polisi wakaja. Walikuambia kesho asubuhi ufike ofisini kwa Bwana Administrata. Jioni ile nilikuomba, unakumbuka nilivyokuomba, nimeshika mkono wako kama mtoto:

"Sema ni watu usiowajua."

"Lakini ninawajua."

"Ni ndoto, Yaya. Nani atakushika kwa uongo wa ndoto?"

"Nitajua mimi," ulisema.

Feruzi alikuwa amekaa pale pale anamenya karanga. Alitusikia. Aliendelea kumenya.

Asubuhi nilikufuata na beseni la chakula, nikasimama barazani chini ya dirisha. Bwana alizungumza Kiswahili chetu mwenyewe, bila mkalimani.

"Nani alikuambia uchore hii?"

"Hakuna mutu, Bwana. Niliota."

"Uliota pamoja na nani?"

Nikaanza Salamu Maria.

"Huyu mutu iko anamwaga pamba, anaitwa nani?"

Nawe, kwa sauti ile ile ya kumsimulia mama ndoto zako, ukasema, "Ni Feruzi, shemeji yangu."

Hivyo tu. Hawakukugusa, Yaya. Hilo ndilo nimeshindwa kumweleza mtu yeyote miaka yote hii. Wangekupiga kwanza, wangekunyima maji, ningekuwa na la kumwambia mume wangu. Hakuna hata aliyepandisha sauti.

Walimtoa shambani na udongo mikononi. Shamba la pamba, lile lile alilopimiwa na serikali kwa lazima, alilokuwa akilipalilia kabla ya kupalilia mahindi yetu. Walimlaza mbele ya ofisi adhuhuri, wakampiga viboko kwa ajili ya kikapu ambacho hakukimwaga. Mtu wa watu hakuwahi kumwaga hata konzi moja. Alikimwaga katika usingizi wako, basi.

Wewe wakakuandikia barua ya kukuhamisha, wakakupeleka mbali upande wa Katanga. Hukuona yaliyofuata. Niliagizwa kuukandika ule ukuta. Mama alikataa kushika udongo, akasema hawezi kumzika mtoto aliye hai. Kwa hiyo niliukandika mimi, Feruzi akiwa ndani amelala kifudifudi, kibuyu cha maji kando yake. Nilianza na korongo. Nikafunika watu wa mstari mmoja mmoja. Nilipofika kwenye uso wa mume wangu mikono ilikataa kidogo. Halafu nikaufunika.

Baada ya mavuno tulihama, tukaja huku Kabambare kwa ndugu zake. Mgongo ulipona vibaya. Mkono wa kulia haupandi kupita bega. Paa likivuja, anamwita jirani apande, naye anasimama chini akimwelekeza, na mimi huingia ndani nisimtazame.

Mwaka jana mwalimu wa kanisani alileta gazeti lenye picha yako. Umevaa tai. Alitusomea kwa furaha mbele ya watu wote: eti huko Katanga, mjini Elisabethville, wazungu wanakuja kukusikiliza, wanakuuliza umeota nini, nawe unawaeleza, nao wanapiga makofi. Watu walinipa mkono wa pongezi. Nikacheka na meno. Swali ni lile lile, Yaya. Jibu ni lile lile. Makofi ulipata wewe, na viboko alipata yeye, na hakuna aliyeandika hilo kwenye gazeti.

Nilipobaki peke yangu niliitazama ile karatasi tena. Pembeni kulikuwa na picha nyingine, uliyoichora wewe, watu wengi wanavuka daraja. Hawakuwa na macho wala midomo. Nyuso zao zilikuwa tupu kama mayai. Hapo nilikaa chini, nikalia, sitakuficha. Nilikuona umekaa huko na rangi zako nzuri za dukani, unaogopa kumjua mtu hata usingizini. Kwa siku nzima nilikuhurumia. Kesho yake mvua ikanyesha, paa likavuja, Feruzi akaenda kumwita jirani.

Na barua zako! Uliandika kwamba ile barua ya kukuhamisha imeondolewa, uko huru kwenda popote, utakuja mvua ikiisha. Mvua ikaisha. Ukasema kuna wageni kutoka Ulaya wanataka kuona kazi, utakuja wakiondoka. Wameondoka. Ukasema njia mbaya. Njia ni mbaya kweli, lakini picha imepita.

Basi sikia yaliyoipata. Tuliifungua uani, majirani wakakusanyika. Umemchora Feruzi ameketi kwenye kiti kikubwa kama cha sultani, shati jeupe, mikono yote miwili imeinuliwa juu. Nadhani hukujua kuhusu mkono, kwa sababu sikukuandikia. Watu walisogea karibu kwa uzuri wake. Mimi mwenyewe nilisahau hasira kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Feruzi aliitazama kwa muda mrefu. Kisha aliinama, akaiviringisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, taratibu asiivunje rangi, akafunga kamba.

"Umurudishie," akaniambia.

"Haikupendezi?"

"Iko muzuri. Lakini si picha ilinitaja. Ni yeye. Aje yeye."

Akachukua jembe, akaenda shambani.

Miaka saba, Yaya, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema juu yako. Nimeyarudia kichwani tangu Jumanne, na sijui kama ni mlango au ukuta. Simwulizi. Wewe ndiye wa kumwuliza.

Kwa hiyo nakurudishia picha na dereva yule yule. Kamio inashuka huku kila wiki wakati wa kiangazi, na dereva amesema nafasi ya mtu mmoja mbele haikosekani. Sikuahidi kwamba atakukumbatia. Sikuahidi kwamba mimi sitakupigia kelele uani mbele ya majirani, maana nimeziweka kwa muda mrefu. Mama hatasema kitu, atakushika tu uso, macho yake sasa hayaoni mbali. Chakula kitakuwepo.

Usiniandikie jibu. Ukae salama, na ukianza njia, safari ikuchukue vizuri.

Mimi dada yako uliyeniachia ukuta,
Tereza, mke wa Feruzi