Honi Iliyomwita Mama

Mwaka umezunguka, Baba yetu Stanislaus Okwi, tangu ulipojilaza mchana ukasema unapumzika kidogo tu, na hukuamka.

Uliendesha treni za mizigo mpaka nywele zikaisha kichwani. Kila ukikaribia Malaba ulipiga honi mbili ndefu na moja fupi, na majirani wakamcheka Mama: "Anyait, bwanako anataka chai!" Naye aliweka maji jikoni papo hapo. Chai ya hoteli hukuitaka kabisa, ulisema ni maji yaliyoonyeshwa majani tu.

Ulikuwa mkali kwa wavivu na mpole kwa wageni. Madereva wa malori waliokwama mpakani walikula kwako, nasi tukanuna, maana nyama yenyewe ilikuwa kidogo. Leo tunaona fahari.

Ulimwahidi Mama kumpeleka kwenye makumbusho ya treni na ndege, akaione injini yako ya zamani. Hukuwahi. Agosti tukampeleka sisi. Aliipita ndege ndogo iliyowekwa mlangoni bila kuitazama, akasimama mbele ya injini yako, akaigusa kwa kiganja.

Hapo tukaisikia sote. Mbili ndefu, moja fupi. Ndani ya jumba, mchana kweupe.

"Naam, nakuja!" Mama akaitika, akageukia mlango. "Twende nyumbani, mzee amefika na sijaweka maji kwa jiko."

"Lakini hii haina honi, mama," dada aliyekuwa akitutembeza akasema, akirudi nyuma. "Walitoa kitambo sana."

Baba, wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, maana ukiitika umekubali kufuata. Mama aliitika kabla hatujamshika mkono. Tangu siku hiyo chakula anakionja tu. Huvaa gauni la kanisani siku za kazi, akakaa nje akitazama reli. Tunaogopa, Baba.

Unakumbukwa na watoto wako Alaso, Okiria na Amoit, wajukuu zako, na jamaa wote wa Chakol. Mama amekataa jina lake liandikwe pamoja na yetu.

"Andikeni nyinyi," alituambia. "Mtu wa kukumbukwa ni yule ameenda. Mimi bwana yangu ako njiani."

Hatutakusahau kamwe, Baba. Ila tunakusihi, usimwite tena. Tuachie Mama.