Jumamosi Shangazi Hataonja

Mama yangu,

Jumamosi naolewa, na anayepika ni shangazi Nabintu. Najua wewe ungefurahi. Kaka zako wamenuna. Mjomba mkubwa alifika hapa Kasenga jana kwa pikipiki, akakataa hata kukaa. "Kama ule mwanamuke anagusa chungu, siye hatutakuya." Nikamjibu, "Basi musikuye, Mjomba."

Unakumbuka tulivyotoka Uvira? Risasi zililia upande wa Kalundu, Baba hayupo, wewe na mimba yako kubwa umebeba godoro kichwani kwa sababu ulikataa katakata kulala chini. Godoro lilibaki kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari mmoja alilipenda. Tukafika Sange mikono mitupu, na shangazi, dada yake Baba, akatufungulia nyumba ya udongo nyuma ya yake, iliyokuwa imefungwa tangu vita vya kabla. Ulichungulia ndani ukasema, "Wifi, hapa iko hoteli." Alicheka mpaka akashika mbavu. Usiku kitu kilituuma mkekani, asubuhi hatukukiona.

Ukashikwa na homa. Ikaisha, ukaomba mboga ya lengalenga, shangazi akakupikia, tukala mimi na wewe sahani moja, tukamshukuru Mungu. Ikarudi. Muuguzi akasema malaria, akakupa kwinini, ikatulia tena. Ilipopanda mara nyingine iliwachukua wewe na mtoto. Mimi pia niliungua homa ileile, ikija na kwenda, nikapona. Kwenye kilio chako kaka zako wakasema ni karuho, ile sumu ya polepole, na kwamba imetoka kwenye chungu cha wifi yako. Hakuna aliyeniuliza mimi niliyekula nawe.

Kwetu mwenye pombe hupiga funda la kwanza ili mgeni anywe kwa amani. Ni heshima. Kwa shangazi imekuwa kifungo. Tangu siku hiyo haweki kitu mbele ya mtu bila kukionja mtu huyo akimtazama. Chai ya padri anaonja. Maji ya mtoto mchanga anaonja. Na bado watu wanamwambia wameshiba. Nimekua nikiyaona hayo, na kila mara nilitamani kupindua meza.

Wenzangu huniuliza kwa nini nilichagua kusomea kupe, mdudu asiye na heshima hata kwa ng'ombe. Huwa nawajibu habari za masomo. Wewe nakwambia ukweli: ni hasira.

Mwaka huu, vita vilipopumua kidogo, nilirudi kwenye nyumba ile na chekeche la unga. Nilikwangua nyufa za sakafu, nikachekecha udongo juu ya shuka nyeupe juani, nikangoja. Udongo ukaanza kutembea. Kimputu, Mama, kupe wa ndani ya nyumba, yule wengine humwita papasi. Anaweza kukaa miaka bila kula, akisubiri mtu alale. Kwenye bariyeri askari alifungua vichupa vyangu. "Hii iko nini?" Nikasema kupe. "Muntu muzima unabeba kupe?" Nikamwambia kama anawataka awachukue. Alinirudishia upesi sana.

Maabarani niliwasaga, nikatoa vinasaba, nikaviweka kwenye mashine inayovizidisha mpaka kisichoonekana kikatambulikana. Umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaanza upya, ukakatika tena, nikaanza upya. Kikaonekana: kijidudu cha homa ya kurudia, ile inayotulia mtu akadhani amepona, na ambayo kwa mwanamke mwenye mimba haina huruma.

Mjomba akanitega jana. "Masini yako ilikuwa hapo siku mama yako anakufa?" Haikuwapo. Damu yako siwezi kuipima tena, Mama, na sitadanganya mtu kwamba niliipima. Lakini nilimuuliza, "Na ile sumu, weye uliiona?" Akawasha pikipiki.

Aliyenishinda ni shangazi. Nilipompelekea majibu nilidhani atapiga vigelegele. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Basi iko nyumba yangu ilimuua." Niliumia, Mama. Hilo sikuwa nimelifikiri, na usomi wangu wote. Nikamwambia nyumba yake ilitupokea siku ambayo hakuna mwingine aliyefungua mlango, na waliotufukuza kwetu kwa bunduki ndio wenye deni la roho yako. Alilia, nikalia, halafu tukaanza kuzungumza habari za masufuria.

Wanasema vita vinakaribia tena. Vikaribie. Nimeshahama vya kutosha, na harusi yangu haihami. Mashine nimeifunga vizuri, na itakapobidi nitaibeba kichwani kama ulivyobeba lile godoro, na safari hii atakiona cha moto atakayeigusa.

Shangazi nimemkataza jambo moja tu. Jumamosi hataonja. Ataleta bugali na samaki wa mikeke kutoka jikoni, ataviweka mbele yangu, watu wote wakitazama, na mkono wa kwanza sahanini utakuwa wangu. "Minye naogopa, mwanangu," aliniambia. Nikamwambia aogope akiwa amekaa, karibu yangu, kwenye kiti cha mama wa bibi harusi.

Pumzika, Mama. Nakupenda, na sijapoa.

Ni mimi, kifungua mimba wako.