Unga Mweupe Kwenye Muundi Wako

Baba Zuhura,

Salamu zako zimenifika. Huyo atakayekusomea barua hii asome kwa sauti, mlango ukiwa wazi, ili mke wako mpya wa Mbuchi asikie na majirani zake wasikie. Sina la kuficha. Nina wivu, na wivu wenyewe haujaniacha tangu mdogo wako Athumani aliponiletea habari.

"Shemeji, kaka anatembea!" alisema hata kabla hajaketi. "Hata kuchechemea hachechemei." Kisha akainamisha kichwa, akanieleza kwamba umeoa, na kwamba unataka nihamie huko tukae sote.

Unakumbuka ulivyoletwa hapa Nyamwage? Wadachi walikuwa wamekuchukua upagazi katika vita hivi vya maji, ukarudi juu ya machela, mguu umevunjwa na risasi ya gobore. Mama yako alikuwa amekunyunyizia yale maji ya kuzuia risasi, kwa siri, kabla hujaondoka, kwa hiyo wenzako walipolala chini, wewe ukasimama wima. Nilikugombeza huku nalia. Ukanijibu, "Mke wangu, maji yalikuwa ya bunduki za Mdachi. Gobore la watu wetu halikutajwa." Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka na damu yako iko mikononi mwangu.

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, nami sikuweza kukuacha nyumbani wala kuwaachia ndege shamba. Tukakupandisha dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya miti, ukalala pembeni yangu huku mimi naamia ndege. Nawafukuza, nakuosha kidonda kwa maji ya chumvi, nawafukuza tena. Mfupa wa muundi ulikuwa umeoza, ukawa unatoka vipande vipande pamoja na usaha. Kila kipande nilikizika chini ya dungu, kwa kuwa kiungo cha mtu hakitupwi. "Zika vizuri," uliniambia, "nitakuja kukiulizia siku ya kiyama." Wewe kwa utani! Lakini nilizipenda siku zile. Njaa ilikuwa kali, na moshi wa vijiji vilivyochomwa tuliuona kutoka palepale juu, nami nilikuwa na raha zangu, maana ulikuwa wangu peke yangu na hukuweza kwenda popote.

Kidonda kilipokataa kufunga, ni mimi niliyesema twende Mohoro kwa daktari wa Kidachi. Nilisimama mlangoni nikaona yote. Alilikwangua lile shimo la mfupa mpaka likawa safi, akachukua unga mweupe mfano wa chokaa, akaukoroga na maji na dawa yenye harufu kali, akaushindilia shimoni kabla haujaganda. Askari akatutafsiria: "Bwana daktari anasema unga huu haukai. Mwili utaula kidogo kidogo, na mfupa utaota pahali pake." Basi nikauonea wivu hata ule unga. Umeingia pale nilipokuwa nikipaosha kila siku, ukafanya kile nilichoshindwa.

Daktari akataka ubaki karibu apate kukutazama. Mimi nikarudi kwenye mpunga, maana Zuhura na mama yako wangekula nini? Aliyebaki nawe ni huyo mke wako wa sasa, wakati ule mjane wa Mbuchi aliyekuwa akiwapikia wagonjwa, kisha akakuchukua kwake. Alikupokea ukiwa umeoshwa, umezibwa, harufu imekwisha. Yeye hakuuona usaha wako. Na siku ulipoweka mguu chini kwa mara ya kwanza, ulishika bega lake. Athumani alitaka kuliruka hilo, nikamlazimisha aseme.

Hapo ndipo paniumapo. Ndoa ningeimeza, sheria imekuruhusu. Lakini mimi nimeachiwa mfupa uliooza, uko hapa shambani chini ya udongo, na ule ulioota upya umeotea nyumbani kwake. Yeye anakuona ukienda kisimani na kurudi, hata hashangai. Mimi sijakuona ukipiga hata hatua moja.

Mama yako ananiambia, "Mwanangu, uke wenza haukuanza kwako. Nenda." Najua haukuanza kwangu. Lakini sitakuja kukaa kando ya jiko la mtu nikitazama mwendo wako kana kwamba ni zawadi aliyokupa yeye.

Nataka talaka. Usimpe Athumani ailete, wala usiiandike. Ilete mwenyewe. Ukishuka mtumbwini Mohoro, usikubali kubebwa na mtu. Tembea mpaka hapa. Nitakaa barazani nikutazame tangu unapotokeza njiani mpaka unapoingia uani, na usiharakishe, niache nishibe. Ukifika nitakupa maji ya kunywa.

Kisha, ukiweza, niache.

Mkeo mpaka hapo,
Mama Zuhura