Nguzo ya Pili Kutoka Kushoto

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Miaka arobaini na tatu ugenini Ndola, na bado miguu yangu inajua pa kukata kona mjini Mwanza. Macho ndiyo yanayopotea. Mdogo wangu Luhaga kaja jana kutoka Magu kutolewa mtoto wa jicho; haoni ila mwanga. Tumetembea nimemshika mkono – yeye anauliza, mimi najibu. Posta? Ipo. Mto Mirongo? Upo, na harufu yake. Tulipofika mtaa wa Makoroboi akasimama.
"Dada, baraza la Mahesh?"
Mbele yangu ghorofa nne za vioo, simu za kuuza dirishani.
"Lipo," nikasema.
Sijui kwa nini. Alikuwa amekaza vidole.

Jumanne, 3 Septemba
Kwenye baraza lile, mbele ya duka la vitambaa la Mahesh, alishona miaka kumi na minane, kabla macho hayajamrudisha Magu. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, Luhaga anampima palepale. Jioni gauni tayari. Nguzo nne, mafundi wanne. Yake ilikuwa ya pili kutoka kushoto, karibu na mlango wa kijani. Leo kaniuliza nani kaikalia. Hakuna mtu, nikasema. Hilo angalau ni kweli.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimerudi peke yangu. Kwenye kaunta ya simu yupo Riddhi, mjukuu wa Mahesh. Shikamoo, kiti, soda baridi. Babu yake alifia Dar miaka sita iliyopita. Baraza walilivunja walipojenga upya. Nikauliza kama fundi mmoja anaweza kupata nafasi hapo mlangoni.
"Bibi, hapo tumeweka jenereta."
Kisha akacheka: au ndiye yule aliyemshonea baba yake suruali ya harusi, mguu mmoja mfupi? Picha bado wanayo ukutani. Nikasema ndiye. Ningemkana vipi?

Jumapili, 8 Septemba
Basi la Magu limeleta kichwa cha cherehani ndani ya gunia la mchele. Luhaga kakiagiza bila kuniambia! Mchana kutwa anakipaka mafuta kwa kupapasa. Akiona tu, anasema, anarudi kazini. Amechoka kukaa kwa mkwewe akilishwa kama kuku wa kufungiwa. Meza ya kukanyagia ataazima kwa Mahesh.
Nilitaka kusema. Nikachemsha chai.

Jumanne, 10 Septemba
Wamemfanyia upasuaji. Korido nzima nimefanya mazoezi ya sentensi moja. Katoka na bandeji, anawatania manesi kwamba sare zao zimeshonwa na mtu mwenye haraka. Sentensi nimerudi nayo nyumbani.

Jumatano, 11 Septemba
Bandeji imetoka saa tatu. Kanitazama muda mrefu.
"Dada, umezeeka hivi? Mbona sauti haikuniambia?"
Tumecheka mpaka nesi akatuomba tutoke. Njiani kasoma kila kibao kwa sauti, hata cha choo cha kulipia. Nikamtajia Ndola, hali ya hewa, bei ya sato. Si lile.
Sasa saa tano na nusu. Yupo mlangoni, shati jeupe, futi shingoni. Bajaji inanguruma nje, gunia limeshapakiwa. Anasema tuwahi kabla Mahesh hajafunga kwenda kula.
Nimemwambia asubiri, navaa viatu.
Viatu ninavyo miguuni tangu asubuhi.