Kola ya Chui kwa Mfalme wa Chola

Jumatano jioni

Eish, ile kola! Mama Naidoo aliagiza joho la mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola, mwanawe avae Jumapili kwenye mchezo wa kuigiza wa hekalu lao. Mimi nikaweka kola ya madoa ya chui. Kwetu Kongo, mfalme bila chui ni mfalme gani?

Leo amekuja kulichukua hapa dukani kwangu Jeppestown. Akaitazama kola, akaigeuzageuza. Nikajua kazi imekataliwa.

Akacheka mpaka akatafuta kiti. "Papa Feruzi, alama ya Chola ilikuwa simbamarara! Lakini chui ni ndugu yake. Acha hivyo hivyo."

Halafu akanisimulia: mfalme yule alijenga hekalu kubwa la mawe huko India, na ukutani yakachongwa majina ya waliolitumikia, hata washonaji. Miaka elfu, na bado yanasomeka.

Washonaji! Mimi nimevalisha maharusi wangapi mji huu, na nani anajua jina langu?

Nikamwambia kifungo kimoja kimelegea, aniachie joho mpaka kesho. Kifungo hakina shida yoyote.

Nimemaliza sasa hivi. FERUZI, ndani ya kola, kwa uzi mwekundu. Jiwe sina, uzi ninao.