Kibao cha Kumwita Régis

KITUO CHA POLISI, MONTVIALLE
Maelezo ya shahidi, Jumapili tarehe 16 Juni 2019, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Solange Vautrin
Umri: Miaka 72
Kazi: Karani mstaafu wa posta, zamani mpima muda wa timu ya magari ya mashindano
Makazi: Mtaa wa Kisima, nyumba namba 3, Montvialle

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu. Sajenti Lebrat ameniomba nieleze kwa kifupi. Nitaeleza kwa mpangilio, hicho kifupi atakitafuta mwenyewe.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kumi na nane, nilikuwa kitandani, sijui kama nimelala au nimeamka. Nilisikia gari namba kumi na nne likishuka kutoka msituni. Lilinyamaza kidogo kwenye kona ya kanisa, likanguruma tena. Nilidhani naota, kwa kuwa ndoto hiyo naijua, huja ukungu unaposhuka. Lilipopita mara ya pili nikajikuta nimekaa kitako na saa ya kupimia iko mkononi, nimeshaibonyeza. Dakika tano na sekunde saba. Ndotoni huwa hazifiki nne. Hapo nikajua kwamba niko macho, na kwamba dereva amezeeka.

Dereva ni Régis Tournadre, miaka 79. Ninyi vijana mnamjua kama mzee wa duka la matairi. Mimi namjua tangu akipeleka nyama kwa gari la baba yake, wateja wakilalamika kwamba soseji zinafika zimechoka kuliko wao. Alishinda mbio zake za kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, kisha kwa miaka tisa hatukumpata wa kumfikia mlimani huku. Barabara hizi za kijiji ndizo zilizokuwa uwanja, kilomita nane kuzunguka, misonobari huku na mwamba kule. Mkewe amefariki. Tangu majira ya baridi ya mwaka juzi kumbukumbu zinamtoka, na daktari alimnyang'anya leseni.

Gari lake hilo la buluu hukaa kwenye ukumbi wa kijiji. Jana fundi alilitia mafuta kwa ajili ya sikukuu ya leo. Kila asubuhi Régis huenda kulisalimia, na mwoka mikate humpa ufunguo. Msimlaumu mwoka mikate, hata mimi ningempa. Mlango wa ukumbi unatazama mteremko, na gari lile ukilisukuma kidogo linawaka.

Kilichonitoa kitandani ni lori la maziwa. Huteremka kila siku saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kuja upande ambao Régis anapanda, na pale kwenye mwamba magari mawili hayapishani.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne nilifika mbele ya duka la dawa, mahali palipokuwa kituo cha mafundi enzi zile. Sajenti Lebrat alikuwa katikati ya barabara, amevua koti lake la buluu analipunga. Régis alitokea kwenye ukungu, akasogea kulia kwa adabu, akainua mkono na kwenda zake.

Nilimwambia Sajenti, "Acha kupunga hilo koti, mwanangu."

Akasema, "Sasa nimsimamishe na nini, mama? Na shuka?"

Nikamweleza kwamba kwenye mashindano bendera ya buluu humwambia dereva kuna mwenye kasi nyuma yake, ampishe. Régis alikuwa amempisha mtu ambaye hayupo. Sajenti alisema dereva wa lori hapatikani kwenye simu, kwa hiyo ataegesha gari la polisi kwenye kona ya kanisa kukata njia. Nikamwambia kona ile huingiwa bila kuona mbele. "Ukiliweka hapo, leo utamzika." Nashukuru alinisikiliza, maana ni mbishi, hata mama yake anajua.

Nilikuwa nimebeba kibao. Ni ubao mweusi wenye mpini, ambao kwa miaka arobaini na minane nimeupangia chupa za jamu jikoni. Dereva akiwa mbioni hasikii mtu na hasimami kwa sababu ya mtu. Anasoma kibao cha timu yake. Niliandika kwa chaki namba 14 na chini yake neno RUDI, yaani aingie kituoni kwa mafundi. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa alipita, nikakiinua. Aliinamisha kichwa mara moja, akaendelea.

Sajenti akasema, "Mbona hajasimama?"

"Amekiona. Kwanza anamaliza mzunguko, ndipo anaingia."

"Mzunguko mzima?"

"Ndiyo sheria yao, baba. Tulia."

Mimi mwenyewe sikutulia. Katika dakika hizo tano nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na nataka liandikwe.

Mnamo Juni 1971, hapa hapa, mzunguko wa thelathini na moja kati ya arobaini, Régis alikuwa anaongoza kwa sekunde kumi na tisa. Mkuu wa timu kubwa ya Paris alikuwa amekuja kumtazama yeye. Mvua ikaanza kule juu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilimpenda, na yeye hakuwa na habari. Bosi wetu Gaston aligeuka kuwasha sigara, nami nikaandika RUDI bila kuagizwa, nikakiinua kibao. Régis aliingia, akauliza, "Gari liko sawa. Nani kaniita?" Gaston alinitazama, akasema, "Mimi." Régis alimaliza wa nne. Mtu wa Paris aliondoka na mshindi. Régis akauza matairi miaka thelathini, na Gaston akafa na uongo wangu kifuani.

Leo saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne gari liliingia taratibu, likasimama pale pale ulipokuwa mstari wetu. Alizima injini. Lori la maziwa likateremka, dereva wake akatupungia mkono, likapita.

Régis akavua miwani. "Gari liko sawa," akasema. "Nani kaniita?"

Nikasema, "Mimi." Kisha nikasema, "Na ile siku ya mvua ni mimi pia, Régis. Si Gaston."

Alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Kibao kilikuwa kinatetemeka. Gaston hakuwa mtu wa kutetemeka."

"Sasa mbona uliingia?"

"Si uliniita?"

Kisha akauliza kama mkewe ameshaamka. Nikamwambia bado.

Sina la kuongeza wala la kupunguza katika haya, nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu.

Sahihi: S. Vautrin

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakubali. Ameomba jambo moja lirekebishwe: mzunguko wa mwisho ulikuwa dakika nne na sekunde hamsini na mbili, si tano, na ndio uliokuwa wa kasi kuliko yote ya leo. Nimerekebisha hapa. Kibao kimoja kilichopokewa kama kielelezo amerudishiwa mwenyewe, maandishi yakiwa hayajafutwa, kwa ombi la Bw. Tournadre.

Sajenti M. Lebrat